Mke wa Kaluki

Kaluki alimwoa Ndinda mwaka wa 1962, mwaka mmoja baada ya mafuriko makubwa. Hakuna aliyeshangaa. Kwa Wakamba wa Kitui, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto aliweza kutoa mbuzi na ng'ombe akaoa msichana, ili nyumba ya marehemu isizimike. Msichana huyo aliitwa iweto. Watoto aliowazaa walikuwa watoto wa nyumba ile, wakapewa jina la yule marehemu, na baba yao wa damu hakuulizwa wala hakutajwa.

Marehemu wa nyumba hii aliitwa Musembi. Ndinda hakumwona hata siku moja, kwa maana alikuwa ameshazikwa miaka mitatu. Kaluki alikuwa na miaka hamsini hivi, mwanamke mrefu, mkavu wa mwili na wa maneno. Ndinda alikuwa na miaka kumi na tisa. Alitoka Kathonzweni, upande wa Makueni, kwa baba ambaye ukame ulimwacha na zizi tupu, na zile mbuzi za Kaluki ndizo zilizolijaza tena. Alipofika ng'ambo ya mto Kalundu alionyeshwa nyumba yake, chungu chake na mahali pa kuteka maji. Akamwita Kaluki "mwaitu", yaani mama, kama wake wanavyowaita mama wakwe zao. Kwa miaka ishirini na miwili hakumwita kwa jina lingine.

Alimzaa Mbuvi mwaka uliofuata. Baada yake hakupata mwingine.

Waliishi kwa kulima pamba na kusuka vyondo, vikapu vya mkonge. Mkonge ulikuwa kwenye ua wa shamba. Waliukata, wakauparua, wakazianika nyuzi na kuzitia rangi ya magome. Kaluki alikuwa fundi hodari, na Ndinda akajifunza kwake mpaka akampita, ingawa hakuna aliyelisema hilo. Siku ya soko walivipeleka vyondo Kitui mjini kwa mfanyabiashara aliyevinunua kwa jumla. Pesa alipokea Kaluki. Mwaka wa 1969 walipita benki wakiwa njiani kurudi, Kaluki akafunguliwa kitabu cha akiba. Karani aliuliza jina, akaandika jina, akachovya kidole gumba cha Kaluki kwenye wino na kukigandamiza kwenye ukurasa wa kwanza. Ndinda alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika chondo kitupu. Hakufikiri lolote. Benki ilikuwa inauliza jina moja, na mkubwa alikuwa mmoja.

Macho ya Kaluki yalianza kuingia ukungu miaka michache baadaye. Kufikia mwaka wa 1974 alikuwa hawezi tena kuziona nyuzi, akawa anaparua mkonge tu kwa kupapasa. Vyondo vyote sasa vilitoka mikononi mwa Ndinda. Wageni wa Ulaya walikuwa wameanza kuvipenda, bei ikapanda, na kila siku ya soko pesa zilikwenda palepale, kwenye kitabu kilekile, chini ya alama ileile ya kidole.

Mwaka wa 1976 Ndinda aliomba cherehani. Kulikuwa na ya mitumba iliyokuwa ikiuzwa na mke wa mwalimu, na Ndinda alikuwa ameshapiga hesabu kwamba angeshona sare za shule. Kaluki alikataa. Alisema pesa ni za nyumba, na nyumba haijasema inataka cherehani. Ndinda akamwambia neno ambalo hakuwahi kulisema kabla: kwamba zile pesa ni zake, kwa sababu ni yeye anayesuka. Kaluki akaendelea kuparua mkonge. Kesho yake asubuhi Ndinda alimchukua Mbuvi akaenda kwa kaka yake Kathonzweni.

Alikaa miezi mitatu. Mwezi wa kwanza kaka yake alimkaribisha. Mwezi wa pili alianza kuzitaja zile mbuzi, kwamba zikidaiwa hajui atazitoa wapi. Mwezi wa tatu Kaluki alifika mwenyewe, ameongozwa njia na watu asiowajua, vumbi mpaka magotini. Hakuingia ndani. Alisimama uani akasema mbuzi mwekundu amezaa mapacha na hakuna mtu wa kuwaangalia. Ndinda alifunga mzigo wake. Walirudi wote watatu, na habari ya pesa haikuguswa tena na yeyote kati yao.

Lakini Ndinda alingoja. Kila walipokwenda benki alingoja Kaluki aseme kwa karani, mwandike na huyu. Alijiandikisha darasa la watu wazima mwaka wa 1979, akajua kuandika jina lake, na siku ya kwanza alipoliandika bila kukosea alimwonyesha Kaluki ingawa alijua haoni. Kaluki aliipapasa ile karatasi akamrudishia.

Kisha ukaja mwaka wa 1984. Mvua ilikosa, na ikakosa tena. Watu wa Ukambani waliupa ule mwaka jina, Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa nikiwa nimeshika. Mtu aliweza kuwa na pesa mkononi, akazunguka maduka yote ya Kitui, akakosa kilo moja ya unga wa kununua. Kaluki naye alikuwa ameshika. Kitabu kilikuwa ndani ya mkebe wa majani ya chai, juu ya dari, na hakikuweza kununua kitu. Walikula mahindi ya njano ya serikali ambayo Ndinda aliyapangia foleni kwa chifu. Siku ya Jumanne moja ya mwezi wa Oktoba alirudi na mgao wa watu wawili akamkuta Kaluki amelala ubavu, uso umeelekea ukutani, tayari amepoa.

Kivuva, mtoto wa ndugu yake Musembi, alikuja na sururu akalichimba kaburi. Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji, na alichimba kutwa nzima bila kulalamika. Mbuvi, aliyekuwa akifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Mombasa, alifika siku mbili baada ya mazishi. Akalala usiku mmoja, akarekebisha mlango wa ghala, akaondoka.

Wiki mbili baadaye mvua ikanyesha.

Mwezi wa Januari Ndinda alikitoa kitabu kwenye mkebe akaenda nacho benki. Hakuwa na mpango mkubwa. Alitaka mbegu na dawa ya pamba. Karani alikifungua, akamwuliza kama yeye ndiye Kaluki. Ndinda akamweleza. Karani akamrudishia kitabu kwa upole, akamwambia mwenyewe akifa pesa hukaa pale zilipo mpaka mahakama iseme ni za nani. Alimwuliza, yeye ni nani wa marehemu?

Ndinda alifungua kinywa akaona hana neno. Kwa Kikamba lilikuwepo, tena neno moja tu. Kwa Kiswahili alijaribu kusema ni mtoto, lakini hakuwa mtoto. Akasema ni mke. Karani akadhani hakusikia vizuri, akamwita mwenzake, na watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

Ikabidi aanze kutafuta karatasi. Chifu alimwandikia barua, kwa sababu alizijua mila na alikuwa ameona mambo kama hayo. Mchungaji alikuwa na kazi ngumu zaidi. Ndinda alibatizwa mwaka wa 1971, na kwenye daftari la kanisa aliandikwa mjane wa Musembi, kwa kuwa kanisa halikuwa na namna nyingine ya kumwandika. Mchungaji aliliangalia daftari kwa muda mrefu. Akasema anaweza kuandika kwamba Ndinda ni mshiriki mwaminifu. Mengine, alisema, yako nje ya kanisa. Ndinda alishukuru akapokea barua ya mistari miwili.

Nje ya mahakama ya Kitui, kwenye baraza la duka lililofungwa, palikuwa na mzee Abdulkadir, mtu wa mjini, na mashine yake ya kupiga chapa. Kwa miaka thelathini aliandika maombi ya watu, akajua sheria kuliko mawakili wengi na kulipwa kidogo kuliko wote. Ndinda alikaa kwenye kiti cha wateja akamweleza kila kitu. Abdulkadir hakushangaa na neno mke. Alipiga chapa jina la marehemu, tarehe, kijiji. Kisha akasita.

"Mama, hizi pesa zilikuwa za nani?"

"Zetu."

"Sheria haina zetu hapa. Kitabu kina jina moja."

Ndinda akamwambia basi nyingi ni zake. Akamweleza habari ya macho, kwamba vyondo vya miaka kumi vilitoka mikononi mwake peke yake, na hata mnunuzi anamjua kwa usukaji wake. Abdulkadir aliiondoa mikono yake kwenye mashine.

"Sikiza, mama. Ukisema ni zako utaulizwa karatasi. Unayo?"

"Sina."

"Basi utakuwa umesema marehemu alikuwa ameshika mali ya mtu mwingine, na shahidi ni wewe mwenyewe unayezitaka. Utazikosa zote. Lakini ukiapa kwamba zilikuwa zake, mpaka senti ya mwisho, na kwamba wewe ni wa nyumba yake, utazirithi. Njia ya kuzipata ni kukubali kwamba hazijawahi kuwa zako."

Ndinda aliinuka. Akavuka barabara, akakaa kwenye ngazi za duka lingine ambalo hakuwa na haja nalo. Alikaa pale mpaka kivuli kikamhama. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, na hakumkumbuka mtu hata mmoja ambaye angeweza kumwendea na kumwuliza, nifanyeje. Yule wa kuulizwa ndiye aliyekufa. Aliporudi, Abdulkadir alikuwa amekwisha kuipiga chapa ile hati ya kiapo. Kifungu cha nne kilisema fedha zote zilizomo zilikuwa mali ya marehemu peke yake. Akamsomea kwa Kikamba alichokijua, polepole. Ndinda akatia sahihi yake, herufi moja moja.

Tangazo likatoka katika gazeti la serikali, watu wakapewa siku thelathini. Siku ya ishirini na moja Kivuva akapeleka pingamizi.

Hakuja kwa kujificha. Alipita nyumbani kwanza akamwambia Ndinda uso kwa uso. Alisema hana ugomvi juu ya shamba. Shamba liliandikwa kwa jina la Mbuvi wakati wa kupima ardhi, ukoo wote ukakubali, na mila iko wazi. Iweto huzaa watoto na watoto hupata ardhi. Lakini pesa za benki, alisema, hazina mila. Babu zao hawakuacha neno kuhusu pesa hizo. Mama mkubwa hakuzaa, kwa hiyo akiba yake irudi kwa damu ya Musembi, na damu hiyo ni yeye. Ndinda alimpa maji ya kunywa. Alimsindikiza hadi kwenye mkonge, kama mgeni mwingine yeyote.

Alimwandikia Mbuvi barua, kwa msaada wa mwalimu wa darasa la watu wazima, akimwomba aje asimame naye mbele ya hakimu. Jibu lilichukua wiki tano. Mbuvi aliandika kwamba kazini hawampi ruhusa. Chini yake, kwa kalamu nyingine, kana kwamba alilala kwanza, akaongeza: "Mama, wakiniita huko wataniuliza baba yangu ni nani. Sitaki kuulizwa hilo mbele ya watu. Chukua zote, mimi sidai kitu." Ndinda alirudi nyumbani na ile barua akaisoma mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka akawa na hakika kwamba mwalimu hakukosea.

Shahidi alimpata mahali asipotarajia. Syokau alikuwa rika la Kaluki, kikongwe mwenye ulimi mkali, na tangu mwaka wa 1962 hakuwahi kumpenda Ndinda. Alisema msichana wa Makueni hupikwa kwa maji machache, hana ladha. Wanawake wengine walipoombwa walisema wana shamba la kupalilia. Syokau alitumwa maneno akajibu kwamba apelekewe punda siku ya kesi.

Kesi ilisikizwa mwezi wa Agosti. Chumba kilikuwa kidogo, chenye madirisha ya juu. Hakimu alikuwa mtu wa mkoa mwingine asiyejua Kikamba, kwa hiyo kila neno lilipita kwa mkalimani. Ndinda aliapa akiwa ameshika Biblia. Alisema alitoka wapi, aliolewa lini, alizaa nani. Mkalimani alipofika kwenye neno iweto alisita, akaeleza kwa maneno mengi, na hakimu akauliza maswali mawili, akaandika. Watu walikaa kimya. Ndinda alikuwa amejiandaa kwa kicheko, akaona ule ukimya ni mzito zaidi.

Kivuva hakuwa na wakili. Alisimama na kofia mkononi, akauliza mwenyewe.

"Mwaka wa sabini na sita ulitoka kwa mama mkubwa ukaenda kwenu Kathonzweni. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mlikosana juu ya nini?"

Ndinda alimtazama mkalimani kana kwamba huyo angeweza kulipoteza lile swali njiani.

"Pesa," akasema.

"Ulimwambia pesa ni za nani?"

"Nilimwambia ni zangu."

Kivuva akaomba kifungu cha nne kisomwe. Kikasomwa. Akauliza uongo ni upi, ule wa sabini na sita au huu wa leo. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amelifikiria swali lake kwa muda mrefu, na hata yeye alionekana hakupenda kulisikia.

Hakimu aliinua kalamu, akangoja. Ndinda alijua kwamba akisema lile la kweli lililo moyoni mwake, kila kitu kingeishia pale. Aliviona vile vyondo, si kimoja kimoja bali vyote pamoja, vimepangwa mpaka darini. Alimwona Kaluki uani kwa kaka yake, vumbi magotini.

"Siku ile nilikuwa na hasira," akasema. "Pesa zilikuwa za mwaitu. Mimi nilikuwa nasuka tu."

Mkalimani akalitafsiri. Hakimu akaliandika, na Ndinda akaifuata ile kalamu kwa macho kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Ilichukua muda mfupi sana. Alipoambiwa ashuke kizimbani, akashuka akishika ubao.

Kisha akaingia Syokau, akishikwa mkono. Alikataa kiti. Alisema yeye ndiye aliyeitengeneza pombe ya asali siku Ndinda alipoletwa, na alizihesabu mbuzi kwa sababu enzi zile macho yake yalikuwa mazima: arobaini na nane, na ng'ombe watatu. Kivuva akamwuliza kuhusu kule kuondoka kwa miezi mitatu, kama si kuachana.

"Mbuzi zilirudi?" Syokau akamwuliza yeye.

Kivuva akasema hapana.

"Basi hakuachwa. Mwanamke akienda kwao kwa hasira amekwenda kupumzika." Akamgeukia hakimu, au pale alipodhani hakimu yupo. "Mimi huyu simpendi, na yeye anajua. Lakini aliolewa. Kaluki alimwoa, akamfuata mpaka Makueni akiwa haoni. Nani humfuata mtu ambaye si wake?"

Hukumu ilitolewa mwezi wa Novemba. Hakimu alisema ndoa ya namna ile ni ndoa kwa mila za watu wa pale, kwamba Ndinda ni wa nyumba ya marehemu, na kwa kuwa mwanawe ameandika hataki fungu, pesa zote ni za Ndinda. Kivuva alimngoja nje, akampa mkono. Alisema ameridhika, kwamba alitaka tu jambo liamuliwe na mtu asiyemjua yeyote kati yao. Ndinda alidhani anasema kweli. Hata hivyo hawakuenda njia moja kurudi nyumbani, ingawa walikuwa wanaishi kilima kimoja.

Wiki iliyofuata alikwenda benki na karatasi yenye mhuri wa mahakama. Safari hii alihudumiwa na msichana wa mjini aitwaye Tima, mwenye ushungi mweupe na sauti ya chini. Tima alizisoma karatasi zote, akaandika, akagonga mihuri, akamwambia sasa pesa ni zake. Zilikuwa shilingi elfu kumi na moja na mia nne na kitu. Ndinda akamwuliza kama jina la Kaluki linaweza kubaki, yeye aandikwe chini yake.

"Aliyekufa hawezi kumiliki pesa, mama," Tima akasema. "Tunafunga hiki, tunakufungulia kipya."

Ndinda akasema sawa, kipya kifunguliwe, cha zamani atarudi nacho. Tima akaeleza kwamba kitabu kikifungwa hubaki benki, ni utaratibu. Ndinda akaomba basi ule ukurasa wa kwanza peke yake. Tima alikwenda kumwuliza mkubwa wake, akarudi akitikisa kichwa kabla hajafika kwenye kaunta. Aliomba radhi. Ilionekana ilimwuma kweli.

Nyumbani hakukuwa na picha ya Kaluki. Hakupigwa picha maishani mwake ila ile ya kipande, yaani kitambulisho, na hiyo alizikwa nayo, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuitoa mfukoni mwa nguo. Tima alikigeuza kile kitabu kikaelekea upande wa Ndinda, akaanza kupanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Foleni ilikuwa ndefu. Ndinda alikitazama kile kidole gumba cha mwaka wa sitini na tisa, kimekolea wino upande mmoja na kufifia upande wa pili, na kovu la kisu cha mkonge limekikata katikati. Alitazama mpaka mtu wa nyuma yake akakohoa. Akakisukuma kitabu kwenye kaunta, akapokea kipya, akatia sahihi mahali alipoonyeshwa. Tima alimwuliza anwani ya mtu wa karibu. Akampa sanduku la posta la Mombasa.

Mwaka wa 1986 ulikuwa na mvua nzuri. Ndinda aliendelea kusuka kama zamani, isipokuwa sasa aliuparua mkonge mwenyewe pia. Pesa alizopata alizipeleka benki, na kila alipozipeleka alitoka akasimama kidogo barabarani kana kwamba kuna mtu alikuwa bado ndani. Cherehani hakununua. Duka moja la Kitui liliziweka mpya kabisa dirishani, na alizipita mara nyingi. Kitu kilichomshinda hakukielewa vizuri. Zamani alipotaka kitu, kulikuwa na mtu wa kumkataza. Sasa angeweza kusema ndiyo au hapana na hakuna ambaye angesikia.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1987 Kivuva alikuja asubuhi, amevaa koti. Alikaa nje chini ya ukingo wa paa, akaongea habari za pamba, kisha akaeleza shida yake. Binti yake amepata nafasi ya sekondari Machakos, na karo imemshinda. Hakuomba kukopeshwa, kwa sababu hangeweza kusema atalipa lini. Alikuja kuomba msaada, na kama Ndinda atakataa ataelewa, maana anajua walikotoka.

"Nitamwuliza mwaitu," Ndinda akasema.

Lilitoka lenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili kila jirani aliyekuja na shida alijibiwa hivyo kwenye ua ule. Kivuva aliitazama kofia yake. Kuku alipita kati yao, akaparapara, akaenda. Ndinda alijifuta mikono kwenye leso ingawa ilikuwa mikavu, akasema aje Jumamosi.

Siku ya Ijumaa alikwenda mjini akatoa zile pesa, karo ya mwaka mzima, na za sare juu yake. Alinunua pia sukari, majani ya chai na mkate wa kukatwa. Jumamosi alifagia ua mapema. Alitoa nje viti viwili, akachemsha chai ya maziwa mengi, akaandaa maneno kadhaa ya kuzungumza: Mbuvi ameandika, njia ya kwenda mtoni imebomoka, Syokau anaumwa miguu.

Kivuva alifika saa tatu. Alizipokea pesa kwa mikono yote miwili, akazisikia uzito, akamwita "mama mkubwa". Hakuwahi kumwita hivyo. Ndinda akamwonyesha kiti. Kivuva akasema gari la Machakos linaondoka saa nne na binti yake yuko barabarani na sanduku, na akanywa chai akiwa amesimama, kwa heshima, nusu kikombe tu kwa sababu ilikuwa ya moto na hangeweza kuimaliza haraka. Akashukuru tena. Alishuka njia ya mkonge karibu akikimbia.

Ndinda alikirudisha kiti kimoja ndani. Kingine alikikalia, akaukata mkate vipande, akala viwili, akafunika vilivyobaki kwa sahani. Kisha akauvuta uzi wa kwanza wa chondo kipya akaanza kitako chake, na ilipofika adhuhuri kilikuwa kimefikia upana wa kiganja.